Pafyumu yangu ya matunda haikai. Nimeuziwa feki?

"Shikamoo mama. Nina miaka 22, nasoma chuo hapa Dar na jioni nauza kwenye duka la simu. Mwezi uliopita nilijibana nikanunua pafyumu ya shilingi 45,000, chupa ya mililita 100. Ni ile harufu ya kisichana ya matunda na maua: unasikia epo, peasi, pichi kwa mbali, halafu maua. Muuzaji alidondosha tone kwenye glasi ya maji, maji yakawa meupe, akasema hiyo ndiyo dalili ya orijino. Najipuliza mara nane saa moja asubuhi kabla ya daladala, shingoni zaidi, lakini ikifika saa tatu sisikii kitu. Rafiki yangu anasema nimepigwa, kwamba orijino inakaa mpaka kesho yake. Cha ajabu, juzi nimerudi saa tisa, mdogo wangu akaniambia, 'Dada, unanukia pipi.' Chupa naiweka dirishani maana ni nzuri, napenda kuiona. Halafu upande wa kulia wa shingo, ninakopuliza sana, pameanza kuwasha na kuwa peusi. Nipake ndimu? Na kwa pesa yangu ninunue ipi inayokaa? Bibi yangu wa Tanga ananiambia niachane na machupa, nivae kikuba cha maua."

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote: kuanzia leo usipulize tena chochote shingoni, na ndimu iache jikoni. Hilo la shingo nitalirudia kwa kirefu huko chini, kwa sababu kwangu mimi ndilo kubwa katika barua yako, ingawa wewe umelichomeka karibu na mwisho.

Sasa tuje kwenye hofu yako. Katika yote uliyoeleza sijaona kitu kinachonionyesha kwamba umeuziwa feki. Wala sijaona kinachonionyesha kwamba ni orijino, maana ile glasi ya maji haijathibitisha chochote. Mafuta ya manukato hukaa kwa raha ndani ya alkoholi lakini hayapatani na maji. Tone likiingia kwenye glasi, alkoholi inakimbilia majini, mafuta yanaachwa peke yake, yanajigawa kuwa vitone vidogo mno vinavyotawanya mwanga, nawe unaona weupe kama wa tui jepesi. Pafyumu ya laki tano kutoka Paris itafanya hivyo, na iliyochanganywa uani jana usiku itafanya hivyo hivyo, mradi ina mafuta ya kutosha. Muuzaji wako huenda hata hakukudanganya makusudi. Wengi wao walifundishwa na waliowauzia. Hata ile ya kutikisa chupa na kuhesabu povu ni mchezo wa namna hiyo hiyo.

Na rafiki yako naye kakosea, ila kosa lake ni la kawaida sana. Pafyumu kukaa au kutokukaa kunategemea kilichomo ndani, hakutegemei uhalali wa chupa. Nimeshika bandia zilizojazwa miski ya bei rahisi, nguo inafuliwa mara mbili na bado inanuka. Nimeshika orijino za kampuni kubwa zilizotengenezwa makusudi zikuchangamshe kwa saa moja kisha zikuage.

Nikueleze inavyokuwa. Kitu hakiwezi kunukia mpaka chembe zake ziruke hewani zifike puani mwako. Kinachokufanya uisikie harufu ndicho hicho hicho kinachoimaliza. Chembe nyepesi huruka mapema na kwa wingi, ndiyo maana pafyumu ikipulizwa tu unasikia limau, chungwa, epo, peasi, zinakupokea kwa kishindo. Chembe za wastani, ambazo kwa kawaida ni za maua, hufuata na kukaa saa chache. Zilizo nzito, kama miski, vanila na sandali, huondoka polepole, na ndizo unazozikuta kwenye mtandio kesho yake. Watengenezaji wanaziita harufu za juu, za moyo na za chini. Sasa weka hayo yote kwenye ngozi yenye jasho, ndani ya daladala, joto la Dar la nyuzi 32, watu wamesimama wamebanana: zile za juu haziwezi kufika saa tatu. Hazikuumbwa kufika.

Na hilo tunda lenyewe, mwanangu, halikutoka shambani. Epo ukilikamua unapata juisi, hupati mafuta ya manukato. Harufu zake hutengenezwa maabara, nyingi zikiwa za jamii ya esta, yaani asidi iliyounganishwa na alkoholi. Heksili asetati inanukia peasi. Isoamili asetati ni ndizi iliyoiva sana, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye pipi na jojo ulizokula shule ya msingi. Kutengenezwa maabara peke yake si ubaya. Wala asumini unayoisikia kwenye chupa ya 45,000 haikuchumwa na mtu alfajiri, maana asumini halisi ni ghali kupita kiasi.

Lakini matunda hayalingani, na hapa ndipo penye faida kwako. Pichi ni habari nyingine. Harufu yake inatokana na kitu kinachoitwa gamma-undekalaktoni, kilichogunduliwa mwaka 1908. Wafanyabiashara wakakipa jina la "aldehaidi C-14" ingawa aldehaidi ni kundi jingine la kemikali na chenyewe hakimo humo hata kidogo, na jina hilo limekiganda mpaka leo. Guerlain wa Ufaransa walikitia kwenye pafyumu yao ya Mitsouko mwaka 1919, na watu wanaivaa hadi sasa. Ni chembe nzito, haina haraka. Nduguye anayenukia nazi, anayeitwa C-18, naye ni mkaaji. Kwa hiyo katika matunda yako matatu, epo na peasi hushuka vituo vya mwanzo, pichi huendelea na safari.

Halafu kuna mdogo wako. Yule mtoto ndiye aliyekupa ushahidi wa maana kuliko muuzaji na rafiki yako kwa pamoja. Umejipuliza saa moja asubuhi, na saa tisa alasiri yeye bado anasikia pipi. Hayo ni masaa manane. Wakati ule epo lilikuwa limeshaondoka zamani; alichosikia huenda ni pichi iliyochanganyika na vanila, au ethili maltoli, ile harufu ya sukari inayoanza kuungua sufuriani. Harufu hiyo iliingia kwa nguvu kwenye manukato ya kike kupitia pafyumu ya Angel ya Thierry Mugler mwaka 1992, na tangu hapo pafyumu nyingi za mabinti zina kijiko chake.

Kama yeye anaisikia, mbona wewe huisikii? Nenda soko la samaki la Feri. Unapoingia harufu inakupiga usoni. Baada ya robo saa unachagua changu, unabishana bei, na umesahau kama pananuka. Samaki hawajaacha kunuka. Ubongo wako umeshaamua kwamba hiyo si habari mpya, umeacha kukuletea. Wewe umejipuliza mara nane, tena shingoni, chini ya pua kabisa. Pua yako imezoea kabla hujafika kituoni. Nakuambia haya kwa upendo: kwenye daladala ile, yupo abiria aliyekusikia mpaka akafungua dirisha.

Usiniamini kwa maneno matupu. Chukua kitambaa safi cha pamba, kipulize mara mbili, kiache chumbani kwa dada mwingine au jirani. Wewe usijipulize siku hiyo. Kinuse saa tatu, saa sita na saa tisa, kila mara ukitokea nje. Utaisikia ikibadilika: mwanzo kali na ya majimaji, kisha maua, kisha kitu kitamu kilicholala. Hapo ndipo utajua ulinunua nini hasa, na kama kile kilicholala unakipenda. Wengi wananunua kwa dakika ya kwanza pale dukani, halafu wanaishi na saa ya tano wasiyoijua.

Sasa namna ya kuitumia, shingo ikishapona. Ngozi kavu huimaliza pafyumu upesi. Ukishaoga, jipake losheni isiyo na harufu, au mafuta ya mgando kidogo kwenye viwiko vya ndani, ndipo upulize juu yake. Halafu peleka sehemu kubwa kwenye nguo: pindo la blauzi, upande wa ndani wa koti, ncha ya mtandio. Nguo haina jasho wala joto kama ngozi, inaachia polepole. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa kuwa nyingine zinaacha doa kwenye vitambaa vyeupe, na hariri usiiguse. Utasikia watu wakisema ukisugua viganja "unavunja harufu". Huvunji kitu, unaongeza joto tu, na zile za juu zinaondoka mapema zaidi. Acha ikauke yenyewe. Na kama kwenu mnafukiza nguo kwa udi, usipulize pafyumu karibu na chetezo chenye makaa. Ni alkoholi ile. Nimeshawahi kuona ndimi za samawati zikirukia mkono wa mtu aliyekuwa anajiandaa kwenda harusini.

Tupige hesabu pia, maana 45,000 kwa mwanafunzi ni pesa. Mpulizo mmoja hutoa karibu sehemu moja ya kumi ya mililita. Chupa yako ina mipulizo kama 1,000, yaani shilingi 45 kila mmoja. Mara nane kwa siku ni shilingi 360, na chupa inaisha kwa miezi minne hivi. Ukipuliza mara nne asubuhi, ukatia nyingine kwenye kichupa cha mililita 10 kinachoingia kwenye mkoba, ukajiongezea mara mbili tu mchana kabla ya kwenda dukani, unatumia shilingi 270, na lile epo unalolipenda unalipata upya saa nane. Mimi ningefanya hivyo kabla ya kufikiria kununua nyingine.

Siku ukinunua nyingine, usikimbilie jina. Kwenye kasha utaona maneno ya Kifaransa. Kwa mazoea ya biashara hii, "eau de toilette" huwa na mafuta ya harufu kati ya asilimia 5 na 15, "eau de parfum" kama 15 hadi 20, na zile spre za mwili za chupa ndefu za plastiki asilimia 1 hadi 3 hivi. Lakini usidhani kubwa ni bora daima. Spre ya mwili ya pichi na vanila inaweza kukaa kuliko "eau de parfum" iliyojaa ndimu na epo. Soma orodha ya harufu, tafuta pichi, nazi, vanila, miski, sandali. Mwombe muuzaji akupulizie mkononi, kisha uondoke. Zunguka Kariakoo, kunywa maji, rudi baada ya saa mbili. Muuzaji anayekasirika ukiondoka bila kununua, mwache na bidhaa yake.

Pafyumu za Dubai za bei ya chini sizidharau. Kampuni za Falme za Kiarabu zinatengeneza zao halali kabisa, na kwa kuwa wateja wa kule wanapenda harufu nzito, hata za matunda wanazipa vanila na miski nyingi. Zinakaa. Ubaya wake ni kwamba kwenye joto letu baadhi huchosha, unajisikia umekaa ndani ya keki. Za kupima, zile muuzaji anavuta mafuta kwa bomba la sindano na kukuongezea spiriti, zinakupa nafasi ya kununua mililita chache na kujaribu bila kufilisika. Ila huna njia ya kujua mafuta yale yana nini wala spiriti ile ni ya aina gani, na spiriti yenye methanoli, alkoholi ya sumu, si ya kuchezewa juu ya ngozi. Kwa mwenye ngozi iliyoshaanza kulalamika kama yako, za kupima mimi nakukataza kwa sasa.

Na usione haya kupenda harufu ya matunda na maua. Wapo wenzangu katika kazi hii ya manukato wanaoiita ya watoto. J'adore ya Dior, aliyoitengeneza Calice Becker mwaka 1999, ni maua yaliyofunguliwa mlango na matunda, na wanaivaa mabibi wenye wajukuu. Be Delicious ya DKNY ya mwaka 2004 ilikuja kwenye chupa yenye umbo la epo, na mpaka leo kuna chupa chungu nzima za bei rahisi zinazofuata nyayo zake. Harufu ya kuchangamsha ina kazi yake. Saa moja asubuhi kituoni Mbagala nani anataka udi?

Haya, shingo.

Kuwasha na weusi mahali pale pale unapopuliza, hilo ni jambo la kulitilia maanani. Kama kisababishi kingekuwa mkufu wenye nikeli, madini yanayowasha ngozi za wengine, ungetegemea alama ifuate mkufu, izunguke. Wewe yako iko upande mmoja, pale pale unapopulizia. Kuna mambo mawili makubwa yanayowezekana. La kwanza ni aleji ya manukato. Kinga ya mwili inakitambua kitu fulani kilichomo kama adui, na tangu hapo kila kikigusa ngozi inapigana nacho. Aleji hii huweza kuanza hata na pafyumu uliyoitumia miezi bila shida. Ulaya iliorodhesha vitu 26 vya harufu ambavyo lazima viandikwe kwenye kasha kwa sababu hii, na orodha hiyo baadaye imeongezwa. Tazama kasha lako: karibu hakika utakuta Limonene na Linalool, na pengine Eugenol, ambayo ndiyo harufu ya karafuu. Limonene na Linalool zikiwa mpya si kali sana. Zikikutana na hewa kwa muda mrefu zinageuka kuwa vitu vinavyochokoza ngozi zaidi. Joto na mwanga navyo vinaichakaza pafyumu mapema. Ndiyo maana chupa iliyokaa dirishani, jua likiipiga, kiwango kinashuka na hewa inaongezeka ndani, sio ya kuonewa fahari. Irudishe kwenye kasha lake, iweke kabatini. Ukitaka kuiona, fungua kabati.

La pili ni jua. Baadhi ya mafuta ya jamii ya ndimu, hasa ya bergamoti, yana kitu kiitwacho bagapteni. Kikikaa kwenye ngozi kisha jua likakipiga, ngozi inaungua na kuacha weusi, mara nyingi kwa umbo la mchirizi pale pafyumu ilipotiririka. Viwanda vikubwa siku hizi huondoa bagapteni au huipunguza sana, lakini huwezi kusema hivyo kwa kila chupa sokoni. Na sasa umeelewa kwa nini nimekukataza ndimu. Ndimu nayo ina vitu vya jamii hiyo. Ukiipaka pale kisha ukatoka juani, unaongeza moto juu ya moto.

Weusi wenyewe ni kumbukumbu ya ngozi baada ya kuungua au kuvimba. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaupata kwa urahisi na unachukua miezi kuondoka. Utaondoka, mradi uchokozi ukome. Usitie pafyumu popote kwenye ngozi kwa wiki kadhaa, pasafishe kwa maji na sabuni isiyo na harufu, paka mafuta ya mgando, pafunike kwa mtandio usio na pafyumu ukitoka. Usinunue krimu ya kung'arisha. Nyingi za mitaani zina zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, na shingo ni mahali ambapo ngozi ni nyembamba. Nimeona mabinti waliotibu doa la ukubwa wa sarafu wakabaki na shingo ya rangi tatu.

Ukiona baada ya wiki mbili bado panawasha, au panasambaa, panatoa malengelenge au maji, nenda kituo cha afya, na ukiweza umwone daktari wa ngozi. Dar wapo Muhimbili. Kwa aliye kaskazini, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Nenda na chupa pamoja na kasha. Mahali kinapopatikana, kuna kipimo cha kubandika viraka vyenye vitu mbalimbali mgongoni kwa siku mbili, kisha ngozi inasomwa na kusomwa tena siku kadhaa baadaye. Hicho ndicho kinachoweza kukutajia adui kwa jina, ukajua utakachokwepa maisha yako yote. Lakini macho au midomo ikivimba, au kifua kikabana ukijipuliza, hapo usisubiri wiki. Nenda siku hiyo hiyo.

Bibi sasa. Kikuba cha asumini, rihani na mkadi kina jambo moja ambalo chupa haina: hakilowi kwenye ngozi. Unakibana kwenye nywele au kifuani juu ya nguo, kinanukia jioni nzima, asubuhi kimenyauka unatupa. Kukaa, hakikai kuliko pafyumu yako, mwambie bibi kwa adabu. Lakini kwa wiki hizi ambazo shingo inapumzika, mkubalie, ila kibane mbali na lile doa. Akikupa na kichupa cha mafuta ya langilangi ujipake kwa kuwa "ni ya asili", mshukuru, kiweke kabatini kando ya ile chupa nyingine, usikifungue bado: langilangi nayo imo kwenye vitabu vya madaktari wa aleji. Kwanza tujue ngozi yako inagombana na nani.